Dulwich Hamlet na Isthmian League: naomba ufafanuzi kabla makala haijaenda kwa mchapaji

Kalamu ya Kona (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Naandaa makala ya kurasa mbili kuhusu klabu za ridhaa za pembezoni mwa London, na nimeamua kuichukua Dulwich Hamlet kama mfano. Mambo ya msingi ninayo: imeanzishwa 1893, jezi za pinki na bluu iliyokolea, uwanja Champion Hill, kusini mwa jiji. Kinachonisumbua ni taarifa zinazogongana.

Kuna sehemu naona "mabingwa wa kombe mara nne", halafu kwenye orodha ya mabingwa wa Kombe la FA hawamo kabisa. Edgar Kail, mchezaji wao wa zamani, anaitwa mchezaji wa mwisho wa ridhaa kuichezea England ya wakubwa, lakini sehemu nyingine sifa hiyo anapewa Bernard Joy. Ligi yao, Isthmian League, wengine wanaiandika ngazi ya tatu, wengine ya saba. Nikijumlisha pointi kwenye misimamo ya zamani, hesabu haikubali. Na sijaelewa vizuri ridhaa ilikuwa nini hasa kisheria, na kwa nini kila mtu anautaja mwaka 1974.

Mwenye uhakika anisaidie. Sitaki "nadhani".

---

Jedwali Kavu

Tuanze na makombe, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Yalikuwepo mashindano mawili tofauti ya chama cha soka cha England. Kombe la FA lilianza 1871/72 na liko wazi kwa wote. FA Amateur Cup lilianza 1893/94, kwa klabu za ridhaa peke yake, na bingwa wa kwanza alikuwa Old Carthusians. Hayo mara nne ya Dulwich ni ya hilo la pili, na fainali zake ni hizi:

1920: Dulwich 1–0 Tufnell Park, uwanja wa Millwall
1932: Dulwich 7–1 Marine, Upton Park
1934: Dulwich 2–1 Leyton, Upton Park
1937: Dulwich 2–0 Leyton, Upton Park

Ubingwa wa Isthmian League nao ni mara nne: 1919/20, 1925/26, 1932/33 na 1948/49. Ukiangalia vizuri, msimu wa 1919/20 walichukua ligi na kombe kwa pamoja. Hiyo isikose kwenye makala. Usizichanganye namba hizi mbili kwa sababu zote ni nne. Misimu si ileile.

Kwa mwanzilishi, andika Lorraine Wilson, aliyejulikana kama "Pa" Wilson. Timu iliundwa kwa ajili ya vijana waliomaliza shule ya msingi ya Dulwich Hamlet, na jina la klabu limetoka hapo.

Ligi yenyewe ni changa kuliko klabu. Isthmian ilianzishwa Machi 1905 na klabu sita: Casuals, Civil Service, Clapton, Ealing Association, Ilford na London Caledonians. Caledonians ndio mabingwa wa kwanza. Dulwich hawamo kwenye waanzilishi, waliingia 1907. Kuna waandishi wanawaweka kwenye sita za mwanzo kwa sababu ya ukubwa wa jina lao. Ni makosa.

Kaulimbiu ya ligi ilikuwa ya Kilatini, *honor sufficit*, kwamba heshima inatosha. Na hawakuishia kwenye maneno: kwa muda mrefu bingwa hakupewa kombe wala medali. Kwa hiyo ukikuta picha ya kikosi cha Dulwich cha miaka ya 1920 au 1930 kikiwa na kikombe mezani, usiandike chini yake "na kombe la ligi". Kitakuwa cha Amateur Cup au cha mashindano mengine ya London na Surrey.

---

Mshika Kibendera

Nichukue suala la ridhaa, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Ridhaa haikuwa kipimo cha uwezo. Ilikuwa kanuni ya fedha. Chama cha soka cha England kilihalalisha malipo kwa wachezaji Julai 1885, na tangu hapo kila mchezaji akawa upande mmoja au mwingine: anayelipwa, au asiyelipwa. Asiyelipwa aliruhusiwa kurudishiwa gharama halisi tu, yaani nauli na malazi ya safari ya mechi. Kikizidi hapo, hata kidogo, kisheria keshakuwa wa kulipwa.

Sasa kwa nini mtu mwenye uwezo wa Kail abaki Dulwich? Watu wanajibu kwa mapenzi ya klabu, na mapenzi yalikuwepo, lakini piga na hesabu. Kuanzia 1922 kima cha juu cha mshahara wa mchezaji wa kulipwa England kilikuwa pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu na pauni 6 wakati wa kiangazi. Hata ungekuwa fundi namna gani, hapo ndipo mwisho. Na ukishasaini, klabu ilikuwa na haki ya kukuzuia usiende kwingine hata mkataba ukiisha. Mtu mwenye kazi nzuri mjini hakuona sababu ya kuiacha kazi inayodumu hadi uzeeni ili afungwe na klabu kwa mshahara wenye dari. Ndiyo maana timu za ridhaa za kusini mwa England zilikuwa na wachezaji wa kiwango cha juu kweli.

Dari hilo liliondolewa Januari 1961, likiwa limefika pauni 20. Kuanzia hapo pengo likawa kubwa, na sababu ya kijana mwenye kipaji kubaki ridhaa ikapungua sana.

Tatizo la pili lilikuwa bahasha, yaani malipo ya siri. Klabu zilizojaza viwanja zilikuwa na fedha za viingilio ambazo kisheria hazikuweza kumpa mchezaji. Zikapita mlango wa nyuma: nauli ya kilomita nyingi kwa mtu anayeishi mtaa wa pili, au noti zinazowekwa ndani ya kiatu chumba cha kubadilishia. Kila mtu alijua. Aliyeshikwa alifungiwa, na ambaye hajashikwa aliendelea kuitwa mchezaji wa ridhaa. Kanuni ikabaki jina, na kuisimamia kukawa ni kuwaadhibu wenye bahati mbaya.

Chama kikaamua kuufuta mgawanyo wote. Baada ya msimu wa 1973/74 hakuna tena ridhaa wala kulipwa kwenye vitabu vyake, kuna "mchezaji" basi. Fainali ya mwisho ya Amateur Cup ilikuwa Aprili 1974, Wembley, Bishop's Stortford 4–1 Ilford. Timu ya taifa ya ridhaa ya England nayo ikafutwa mwaka huohuo, na Uingereza haikuonekana tena kwenye soka la Olimpiki mpaka 2012.

Kuhusu ukubwa wa mambo yenyewe, ili msomaji asidhani ni mechi za watu mia mbili: fainali ya 1951 kati ya Pegasus na Bishop Auckland ilitazamwa na watu 100,000 Wembley. Rekodi ya watazamaji Champion Hill ni 20,744, fainali ya Amateur Cup ya 1933, Kingstonian dhidi ya Stockton. Ona kwamba Dulwich wenyewe hawakucheza siku hiyo. Kosa la kawaida ni kuiandika kama mechi yao.

---

Beki Tatu

Kail na Joy.

Edgar Kail aliichezea England ya wakubwa mechi tatu, zote Mei 1929, zote ugenini: Ufaransa (4–1, yeye alifunga mawili), Ubelgiji (5–1) na Hispania (3–4). Ile ya Madrid ndiyo mara ya kwanza England kufungwa na timu isiyo ya visiwa vyao. Kipindi chote hicho alikuwa mchezaji wa Dulwich Hamlet. Mbali na hizo ana mechi 21 za timu ya taifa ya ridhaa, na mabao 427 aliyoifungia klabu kati ya 1919 na 1933.

Bernard Joy alicheza mechi moja, Mei 1936, Ubelgiji 3–2 England. Naye alikuwa wa ridhaa, na kwenye kumbukumbu za timu ya taifa anaandikwa kama mchezaji wa Casuals. Lakini wakati huohuo alikuwa akichezea Arsenal, jambo ambalo mchezaji wa ridhaa aliruhusiwa.

Kwa hiyo sentensi "mchezaji wa mwisho wa ridhaa kuichezea England" ni ya Joy, haina ubishi. Ya Kail inabidi iandikwe kwa uangalifu: alikuwa na klabu ya nje ya Football League (ligi ya klabu za kulipwa) na haikuwepo klabu nyingine ya kulipwa nyuma yake. Ukiandika "wa mwisho" bila kumtaja Joy, atatokea msomaji wa kukukosoa, na atakuwa na haki.

Barabara ya kuingilia uwanjani inaitwa Edgar Kail Way, na mashabiki wanaimba jina lake mpaka leo.

---

Jedwali Kavu

Narudi kwenye misimamo, nilisahau.

Hesabu haikubali kwa sababu unatumia pointi tatu kwa ushindi. Isthmian ilianza pointi tatu msimu wa 1973/74, miaka minane kabla ya Football League iliyoanza 1981. Kabla ya hapo ushindi ni pointi mbili. Timu iliyoshinda 15, sare 6, kufungwa 5 ina pointi 36 kwa mfumo wa zamani, na 51 kwa wa sasa. Usiibadilishe. Andika ile ya wakati wake, weka alama ya nyota, eleza chini ya jedwali.

Njia ya kukagua jedwali la zamani kama limenakiliwa sawasawa: kwa pointi mbili, kila mechi inatoa pointi mbili kamili, iwe ushindi au sare. Timu 14 nyumbani na ugenini ni mechi 14 × 13 = 182, kwa hiyo jumla ya pointi zote kwenye jedwali lazima iwe 364. Kisha jumlisha mabao ya kufunga ya timu zote na ya kufungwa ya timu zote, lazima yalingane. Yasipolingana, kuna tarakimu imekosewa, na mara nyingi ni 3 iliyosomwa 8 kwenye gazeti lililofifia. Kwa pointi tatu ukaguzi huo wa jumla hauwezekani mpaka ujue sare zilikuwa ngapi, kwa sababu mechi ya sare inatoa pointi mbili na ya ushindi tatu.

Kingine ni timu zilizolingana pointi. Zamani walitumia wastani wa mabao, si tofauti. Timu A imefunga 60 na kufungwa 30: wastani 2.00, tofauti +30. Timu B imefunga 36 na kufungwa 16: wastani 2.25, tofauti +20. Kwa leo A iko juu, kwa zamani ni B. Ukiona timu mbili "zimepinduliwa" kwenye msimamo wa 1930 na kitu, usikimbilie kusahihisha, gawanya kwanza.

Vita nayo ina mtego wake. Vita ya kwanza ilisimamisha ligi, lakini mwanzoni mwa 1919 kukachezwa msimu mfupi, na bingwa akawa Leytonstone. Ndiyo maana kwenye orodha ya mabingwa unakuta 1919 halafu 1919/20, mtu akadhani ni kosa la uchapaji.

---

Ngazi kwa Ngazi

La ngazi: wote wawili wako sahihi, ila wanahesabu kutoka sehemu tofauti.

Mfumo wa ligi za chini ya Football League unahesabiwa kwa hatua, na Hatua ya 1 ni National League. Juu yake kuna ngazi nne: Premier League, Championship, League One, League Two. Kanuni ni hatua + 4 = ngazi ya piramidi nzima, yaani mfumo wote wa ligi kutoka juu hadi chini. Isthmian Premier Division ni Hatua ya 3, hivyo ngazi ya 7. Chini yake Isthmian ina madaraja matatu ya kanda (North, South Central na South East) kwenye Hatua ya 4, yaani ngazi ya 8. Chagua hesabu moja, itaje mwanzoni, ishike mpaka mwisho wa makala.

Premier Division ina timu 22. Bingwa anapanda moja kwa moja. Wa pili hadi wa tano wanagombea nafasi nyingine ya kupanda kwa mtoano wa mechi mojamoja, uwanjani kwa aliyemaliza juu. Wa mwisho wanne wanashuka. Hatua ya 3 ina ligi nne sambamba, na chama cha soka huzigawa klabu kwa jiografia kila kiangazi. Klabu inaweza kuhamishwa kutoka Southern League kwenda Isthmian bila kupanda wala kushuka, kwa sababu tu ramani ya msimu huo imekaa vibaya. Wasioijua kanuni hii huandika "ilishushwa".

Na usipeleke piramidi hii nyuma kwenye miaka ya 1930. Haikuwepo. Enzi hizo klabu iliomba kuingia ligi fulani ikakubaliwa au kukataliwa kwa kura. Isthmian yenyewe ilibaki na daraja moja mpaka 1973. Hata Alliance Premier League, ambayo leo ni National League, ilipoanzishwa 1979, Isthmian ilikataa kujiunga na mpango huo. Walioanza nayo walitoka Southern League na Northern Premier. Enfield na Dagenham walivuka 1981. Kwa maoni yangu kiburi hicho kiliwagharimu, kwa sababu klabu zao zilichelewa kuzoea ushindani wa kupanda daraja.

Kwa Dulwich: walishinda Division One ya Isthmian 1977/78, wakashinda Division One South 2012/13, wakafungwa fainali za mtoano 2016 na 2017, na wakapanda Mei 2018 kwa penalti dhidi ya Hendon. Walishuka tena kutoka National League South (Hatua ya 2) 2023.

---

Kalamu ya Kona

Mmenikata kiu. Nimebaki na mawili. Kama hakuna tena ridhaa, leo wachezaji wa Hatua ya 3 wanasajiliwaje? Na ile habari ya klabu kufungiwa uwanja wake 2018 niiwekeje bila kuharibu makala?

---

Ngazi kwa Ngazi

Usajili ni wa aina mbili: wenye mkataba wa maandishi na usio na mkataba. Asiye na mkataba anaweza kulipwa kwa mechi na anaweza kuondoka, lakini klabu inayomtaka lazima iipe klabu yake notisi ya siku saba kabla ya kuzungumza naye msimu ukiendelea. Mwenye mkataba anahitaji uhamisho au mkopo. Ndiyo maana utaona kikosi kinabadilika nusu nzima kati ya Agosti na Januari. Ni wachezaji wasio na mkataba wanahama kwa notisi. Wengi wana kazi zao mchana na mazoezi ni jioni. Usiwaite wa ridhaa, waite wa kulipwa nusu muda.

---

Mshika Kibendera

La uwanja usilifanye sura ya mwisho ya kuhuzunisha. Liunganishe na ardhi, kwa sababu ardhi ndiyo iliyoamua hatima ya klabu nyingi za Isthmian.

Klabu hizi zilipata viwanja vikubwa wakati pembezoni mwa London kulikuwa na nafasi. Watazamaji walipopungua baada ya vita, uwanja wa kuingiza maelfu ukawa mzigo wa matengenezo huku ardhi yake ikipanda bei kila mwaka. Champion Hill ya zamani ilikuwa na hadhi ya kuandaa mechi ya Olimpiki ya 1948, Korea Kusini 5–3 Mexico. Ilivunjwa, sehemu ya ardhi ikajengwa duka kubwa la Sainsbury's, na uwanja mdogo wa sasa wa watu 3,000 hivi ukafunguliwa 1992. Machi 2018 mgogoro na mwenye ardhi, aliyetaka kujenga makazi, ulifikia klabu kutolewa uwanjani. Hata jina la klabu lilisajiliwa na upande huo kama alama ya biashara. Wakahamia uwanja wa klabu ya Tooting & Mitcham, huko ndiko walikopandia daraja, na wakarudi Champion Hill Desemba 2018. Tarehe hizo mbili na kisa cha jina zinatosha.

Halafu linganisha na Ilford, mwanzilishi wa ligi. Mechi ya Olimpiki ya 1948 kati ya India na Ufaransa, ile ambayo Wahindi wengi walicheza peku wakafungwa 2–1, ilichezwa Ilford hiyohiyo. Klabu yenyewe iliungana na Leytonstone 1979, ikaongezwa Walthamstow Avenue 1988, ikaitwa Redbridge Forest 1989, ikaungana na Dagenham 1992. Hiyo ndiyo Dagenham & Redbridge iliyoingia Football League 2007. Klabu nne za ridhaa zimo ndani ya jina moja. London Caledonians, mabingwa wa kwanza, walikwisha 1939. Casuals mwaka huohuo waliungana na klabu ya Corinthian. Ukiyaweka haya kwenye kisanduku pembeni, msomaji ataona kwamba Dulwich kubaki na jina lake na mtaa wake si jambo la kawaida kwenye ligi hiyo.

---

Beki Tatu

Kama una nafasi ya aya moja ya Afrika: Nigeria walizuru Uingereza 1949, na wapinzani wao walikuwa klabu za ridhaa na timu teule za ligi zao. Mechi ya kwanza waliifunga Marine 5–2, wengi wao wakiwa peku. Ni Marine hiyohiyo iliyokula saba kwa Dulwich 1932. Iweke chini ya jedwali la fainali, itakaa vizuri.